Kutojiunga na Wi-Fi ngeni hakutoshi

Ndugu, unasema fayawoli (kichujio cha data ya mtandao) imewashwa na hujiungi na Wi-Fi usiyoijua, basi kasoro ya kumbukumbu kwenye draiva ya mtandao (programu inayoendesha kifaa cha mtandao) haikuhusu. Inakuhusu. Draiva husoma data kabla fayawoli haijaiona, tena ikiwa ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), yenye mamlaka yote ya mashine. Fremu (kifurushi cha data) ikidai urefu ambao haukukaguliwa, baiti hufurika nje ya bafa (nafasi ya kumbukumbu iliyotengewa data hiyo) na kuandika juu ya kumbukumbu nyingine. Ukiwa na bahati, mashine itaganda tu. La sivyo, mvamizi ataendesha msimbo wake.

Na si lazima uwe umeunganishwa. Kasoro iliyosajiliwa kwa namba CVE-2022-41674 katika kerneli ya Linux, iliyorekebishwa katika toleo la 5.19.16, iliamshwa na fremu za Wi-Fi zilizoundwa kwa hila, hata kompyuta ikiwa inatafuta tu mitandao iliyo jirani. Angalau mshambuliaji alipaswa kuwa ndani ya masafa ya redio.

Sasisha kerneli leo, kisha uwashe mashine upya. Wengi husahau hili la pili, wakaendelea na kerneli ile ile ya zamani. Sasisho bado halijafika? Zima Wi-Fi, tumia kebo. Antivairasi hapa usiitegemee.