Usishuke Iten na nyutro, hata aliyekushauri awe nani

Hapo uliposema utashuka kutoka Iten kwenda Kabarnet, kule Bonde la Ufa, ukiwa nyutro (gari bila gia yoyote) "ili mafuta yasiende", ndugu yangu, usithubutu.

Maneno hayo hayo niliambiwa na dereva mmoja wa safari ndefu, tena kwa kujisifu: "Ukifika juu achia nyutro, gari linateremka lenyewe." Nikamwamini. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, na mpaka Mto Kerio pale Cheploch unashuka zaidi ya mita 1,000, kona juu ya kona. Ukiachia hivyo, kinacholizuia gari ni breki peke yake. Kabla ya Tambach tukasikia harufu ya kuungua, moshi ukifuka magurudumu ya mbele. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Nikaingiza L, gia ya chini kabisa, nikalisugua gari ubavu mzima kwenye ukingo wa mawe ndipo likasimama. Nyuma mke wangu amewakumbatia watoto, hakuna anayesema neno. Diski, pedi, milango, taa, kukokotwa mpaka Eldoret: ada ya shule yote ikaishia hapo.

Na huyo bwana hata hayo mafuta hayajui! Injini za siku hizi, ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, hukata petroli. Ukiwa nyutro ndipo inaendelea kunywa. Hajui kitu, na bado anawafundisha watu barabara ya kuua.

Ingiza gia ya chini KABLA mteremko haujaanza. Automatiki yako ina 2 na L, au kitufe cha O/D cha kuzima gia ya juu. Injini ikinguruma usiogope, ndiyo inayolishika gari. Breki kanyaga sawasawa, mwendo upungue, kisha achia ipoe. Usiiegemee njia nzima.

Picha piga Iten ukiwa umeegesha, bonde lote la Kerio linaonekana.

Halafu sisi wa pwani tuna letu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya huchemka mapema: ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hustahimili nyuzi 205, yenye maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mapovu, ukikanyaga unabana mapovu tu. Kwa barabara zetu tambarare za Malindi hutagundua. Kabla hujatoka, fundi ayamwage yote aweke mapya, asiongezee juu, nawe usimame hapo mpaka amalize.