Kwa dereva mpya wa basi la shule: mtoto asivuke kabla magurudumu hayajatulia

Hongera kwa CDL yako, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara, na kwa zile herufi P (abiria) na S (basi la shule) zilizoongezwa juu yake. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tumeingia kwenye kazi hii hapa Marekani kwa sababu saa zake zinaendana na saa za watoto wetu, na kwa sababu wilaya nyingi za shule zinahitaji madereva. Mkufunzi wako atakuonyesha namna ya kukagua basi asubuhi, kukata kona na kurudi nyuma. Hayo yote utayazoea. Mimi nataka tuzungumze kuhusu kituo chenyewe: zile sekunde ambazo basi limesimama, taa nyekundu zinawaka, kibao cha STOP kimefunguka ubavuni, na kuna mtoto anayetaka kuvuka barabara.

Kibao kile hakina nguvu ya kuzuia gari. Kinamwamuru dereva mwingine asimame, lakini kusimama kunabaki kuwa uamuzi wake. Majimbo yote 50 yana sheria inayokataza kulipita basi la shule lililosimama na kuwasha taa nyekundu. Kanuni ya shirikisho inayodai mabasi mapya yafungwe kibao cha STOP imekuwepo tangu 1992. Hata hivyo, mwaka 2019, madereva walipoombwa wahesabu kwa siku moja tu magari yaliyowapita kinyume cha sheria, madereva 130,963 kutoka majimbo 39 waliripoti magari 95,319. Siku moja, na hapo si madereva wote walioshiriki. Ukianza kazi ukiamini kwamba magari yatasimama, utakuwa umekabidhi mtoto wa mtu kwa mgeni usiyemjua.

Tarehe 30 Oktoba 2018, karibu na mji wa Rochester katika jimbo la Indiana, kabla hakujapambazuka, watoto walikuwa wanavuka barabara kulifuata basi lao. Taa zilikuwa zinawaka na kibao kimefunguka. Pikapu iliyotoka upande wa pili haikusimama. Msichana wa miaka 9 na wadogo zake wawili mapacha wa miaka 6 walifariki, na mvulana mwingine wa miaka 11 akaumia vibaya. Dereva wa pikapu alieleza kwamba taa aliziona, ila hakutambua kuwa ni basi la shule. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani. Kila dereva mpya ninayefanya naye kazi ninamwomba alisome tukio lile taratibu, kwa sababu linafundisha jambo ambalo mafunzo ya darasani hulipitia haraka: mtu anaweza kuziona taa zako na bado asikuelewe. Gizani, kwenye barabara ya mashambani, taa zinazowaka na kuzima zinaweza kuwa za trekta, za lori la kuvuta magari, za chochote kile. Gari linalokwenda maili 55 kwa saa hula takriban futi 80 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde tatu kujiuliza anaona nini, ameshakwenda futi 240.

Kwa hiyo mtoto wako havuki kwa sababu taa ni nyekundu. Anavuka kwa sababu wewe umeona kwa macho yako kwamba magurudumu ya kila gari lililo karibu yametulia, kisha ukampa ishara. Nasema magurudumu kwa makusudi. Uso wa dereva hudanganya: anaweza kukutazama huku akili yake iko kwenye simu. Sehemu ya mbele ya gari ikiinama kidogo utadhani limesimama, kumbe limepunguza mwendo tu. Gurudumu linalozunguka huonekana hata kwa mbali. Na ukishaona gari la kwanza limesimama, usiishie hapo. Tazama la pili, lile lililo nyuma yake, ambalo dereva wake haoni kwa nini foleni imekatika. Huyo ndiye hutoka pembeni na kupita kwa hasira. Kwenye barabara yenye leni mbili kila upande, gari kubwa lililotii sheria katika leni ya karibu linaweza kumficha mtoto asionwe na anayekuja leni ya pili.

Sasa taa za njano, zile za kuonya kwamba basi linakaribia kusimama, ambazo naona madereva wapya wengi huzidharau. Mwongozo wa CDL unasema uziwashe angalau futi 200, au kama sekunde 5 hadi 10, kabla ya kituo, isipokuwa sheria ya jimbo lako iseme vingine. Soma sheria ya jimbo lako. Kisha fanya hivyo hivyo kila siku, kila kituo, hata kama barabara inaonekana tupu. Dereva anayewasha njano akiwa ameshafika, kisha papo hapo nyekundu, huwa anamtengeneza mvunja sheria mwenyewe: gari lililo futi chache nyuma yake au mbele yake halina nafasi ya kusimama salama, linapita, na dereva wa basi anabaki analalamika. Nyekundu iwashwe pale magari yalipo na umbali wa kutosha kusimama. Kama lipo moja ambalo ni dhahiri haliwezi, liache lipite wakati taa bado ni njano. Kwa upande mwingine, usiwashe njano mbali mno. Watu watakuzoea, na watajifunza kwamba bado wana muda wa kukimbia.

Vivyo hivyo, usiache nyekundu zikiwaka huku mtoto ameshaingia na kukaa, au huku unamsubiri mwanafunzi ambaye bado yuko ndani ya nyumba. Kila dakika ya kusubiri bila sababu inayoonekana inawafundisha watu wa mtaa ule kwamba taa zako hazina maana. Wala usimpungie mkono dereva apite wakati nyekundu zinawaka, hata awe na haraka kiasi gani. Kama njia iko salama na hakuna mtoto nje, funga mlango, zima taa, ndipo magari yaende.

Mpangilio wa kituo utaukariri haraka: simama bampa ya mbele ikiwa angalau futi 10 kutoka kwa watoto, gia kwenye nyutro au paki, hendibreki juu, taa nyekundu, hakikisha kibao kimefunguka, tazama vioo vyote, ndipo mlango ufunguke wote. Kioo cha kulia nakisisitiza. Magari mengi yanayovunja sheria hutoka mbele, na mengine hutoka nyuma na kupita kushoto. Machache hupita kulia, kati ya basi na ukingo wa barabara, upande ule ule wa mlango. Ni machache, lakini hapo mtoto hana hata hatua moja ya kujiokoa.

Kuhusu ni nani anapaswa kusimama, usibishane na abiria wala majirani kwa kukisia. Kwenye barabara ya kawaida isiyogawanywa, pande zote mbili husimama karibu kila mahali. Tofauti inakuja barabara inapopanuka. New York inadai pande zote zisimame hata kama barabara imegawanywa katikati. Ohio inawaachilia wanaotoka mbele pale penye leni nne au zaidi, na kwa sababu hiyo inakudai wewe uwachukue na kuwashusha watoto upande wa barabara ambako nyumba zao zipo. Jimbo la Washington huwaachilia kuanzia leni tatu. Ukihama jimbo, usihame na kanuni za kule ulikotoka.

Watoto wenyewe ndio nusu ya kazi hii, nao hufundishika kuliko madereva wa magari. Anayevuka atembee mpaka angalau futi 10 mbele ya bampa, mahali ambapo unamwona kuanzia kichwa hadi miguu. Ule mkono mrefu unaofunguka mbele ya basi umewekwa kwa ajili hiyo. Hapo asimame, akutazame, asubiri ishara yako. Akifika mwisho wa ubavu wa kushoto wa basi, kabla ya kuingia leni ya upande wa pili, asimame tena na atazame tena. Kubalianeni ishara moja tu. North Carolina wana ishara za jimbo zima: kiganja kilichoinuliwa ni subiri, dole gumba juu kisha kidole kinachoonyesha upande ni vuka. Nazipenda kwa sababu haziwezi kuchanganywa na kupunga mkono, ambako dereva wa gari anaweza kudhani unampungia yeye. Muwe pia na mlio wa honi wa hatari, na watoto waujue maana yake: rudi ulikotoka. California wamekwenda mbali zaidi. Dereva hushuka na kibao cha mkononi kuwavusha wanafunzi hadi wa darasa la 8.

Wazazi nao. Mzazi anayesimama ng'ambo ya barabara na kuita "njoo, mwanangu" hajui kwamba amemvuta mtoto barabarani. Mtoto akimwona mama yake haoni kingine. Mwombe mzazi asimame upande ule ambao mlango unafunguka, amshike mkono, kisha wavuke pamoja kwa ishara yako. Wengi wa wazee wetu waliofika hivi karibuni hawajawahi kuishi na basi la namna hii, kwa hiyo waeleze kwa heshima na kwa lugha yao. "Shikamoo mama, naomba kesho unisubiri upande huu" inafanya kazi kuliko karatasi kutoka shuleni.

Siku gari litakapokupita, na litakupita, mtazame mtoto kwanza. Idara ya elimu ya Kansas imekuwa ikikusanya taarifa za vifo vya watoto wakati wa kupanda na kushuka tangu 1970, na wengi kati ya waliokufa waligongwa na basi lao wenyewe. Dereva mwenye hasira, anayehangaika kusoma namba ya gari linalotokomea, ndiye anayepoteza hesabu ya watoto. Wahesabu. Kama mmoja humwoni, zima injini, toa ufunguo, shuka, zunguka basi na uchungulie chini.

Baada ya hapo ndipo namba ya gari. Itamke kwa sauti, pamoja na rangi, aina ya gari na upande lilikotoka, kwa sababu kama kamera ya ndani ya basi lako inarekodi sauti, maneno yako yanabaki. Usiandike ukiwa unaendesha. Usilifukuze, usimpigie mtu honi ya ugomvi, usilaze basi katikati ya leni mbili kwa uamuzi wako mwenyewe ili kuziba njia. Kama basi lina kamera kwenye kibao, usidhani kazi ya kuripoti imekwisha. Kwa kawaida kamera humtumia faini mwenye gari baada ya siku kadhaa, lakini ofisi haijui kwamba kituo chako cha saa moja asubuhi kina tatizo mpaka wewe useme.

Na useme kwa maandishi. Kituo kilicho nyuma ya kilima, kwenye kona, au kinacholazimisha watoto wadogo kuvuka barabara ya mwendo kasi kinaweza kuhamishwa. Baada ya yale ya Rochester, Indiana ilipitisha sheria inayokataza basi kupakia au kushusha mtoto mahali patakapomlazimu kuvuka barabara kuu ya jimbo, isipokuwa pakiwa hakuna njia nyingine salama. Andika mahali, saa, tarehe za magari yaliyopita, na pendekeza wapi basi lingeweza kugeuza au kuingia ili watoto wapande upande wa kwao. Usipojibiwa ndani ya wiki moja, ipeleke tena na ongeza tarehe mpya.