Neno "kawaida" msiliandike kwenye kitabu cha zamu

Siku yenu ya kwanza kwenye chumba cha boila huku Industrial Area mtaonyeshwa valvu, geji, pampu ya maji na msumari wa kutundikia koti. Habari za wanaanga hamtaambiwa na mtu. Acha niwaambie mimi, maana niliyoyapata kwao yamenifaa kuliko cheti changu.

Kwanza kisa changu. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi zamani, gaskiti, yaani kizibo laini cha kwenye ukingo, ya mlango wa kukagulia boila ilikuwa ikitoa mvuke. Si mwingi, kama wa kikombe cha chai. Kila zamu tuliandika: "Inavuja kidogo, kawaida." Wa mchana kaandika hivyo, nami wa usiku nikanakili. Miezi mitatu. Ikaja Julai, ile baridi ya Nairobi inayokufanya uyaogope maji, na Jumatatu alfajiri tukawasha boila iliyolala wikendi nzima. Presha ilipopanda gaskiti ikaachia, na mwenzangu akaungua mkono hadi kwenye kiwiko. Tulipohojiwa tulisema hatukutarajia. Kitabu kilikuwa pale mezani, kimejaa hati zetu wenyewe.

Mkaguzi mmoja aliyesikia kisa hicho alinipa nakala ya ripoti ya tume iliyochunguza ajali ya Challenger, chombo cha Marekani cha kubebea wanaanga. Niliisoma kwenye zamu za usiku, kamusi pembeni, na kila nilipofungua ukurasa nilikutana na kitabu chetu cha zamu.

Chombo hicho kilisambaratika angani tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 tu baada ya kuruka, na watu saba wote waliokuwemo wakafa. Roketi zake za pembeni ziliundwa kwa vipande, na viungo vyake vilizibwa kwa pete za mpira ili gesi ya moto isipenye. Tangu safari ya pili, mwaka 1981, mafundi walikuwa wakifungua roketi zilizorudi na kukuta pete nyingine zimeliwa na moto. Lakini chombo kimerudi salama, sivyo? Basi kasoro ikapewa jina la kasoro inayokubalika. Safari 24 zilipita hivyo.

Usiku wa kuamkia safari ya 25 kulikuwa na baridi ya kugandisha maji. Wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, akiwemo Roger Boisjoly, walisema kwa simu kwamba mpira ukipoa unakuwa mgumu na hauzibi upesi, na kwamba chini ya nyuzi 12 za Selsiasi wasirushe. Wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, hawakupendezwa. Ndani ya kampuni yenyewe, mkuu wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Akaivua. Hapo ndipo panaponiuma zaidi: siku zote anayetaka kurusha ndiye hutakiwa kuonyesha kwamba ni salama, ila usiku ule wahandisi ndio waliotakiwa kuthibitisha kwamba ingeharibika. Baadaye mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira ule, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya tume, akakiachilia, na mpira haukurudi upesi kwenye umbo lake. Glasi moja ya maji!

Mngedhani wamekoma. Januari 2003 kipande cha povu gumu la kukinga joto kilibanduka kwenye tangi la Columbia, chombo kingine cha aina hiyohiyo, wakati wa kuruka, kikagonga bawa la kushoto. Povu lilikuwa limebanduka mara nyingi huko nyuma, kwa hiyo likahesabiwa kuwa suala la matengenezo. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha chombo kikiwa angani, ombi likazimwa. Tarehe 1 Februari, kikirudi, kilivunjika na watu saba wakafa. Nyinyi simu zenye kamera mnazo mfukoni. Kila zamu pigeni picha ya panapovuja, mkisimama palepale mlipopigia ya jana.

Halafu kuna Apollo 1, chombo cha NASA cha mpango wa kwenda mwezini, tarehe 27 Januari 1967. Wanaanga watatu walikufa kwa moto ardhini, kwenye jaribio. Jaribio hilo halikuhesabiwa kuwa la hatari kwa sababu roketi haikuwa na mafuta. Kumbe chumba kilijazwa oksijeni tupu kwa presha, na mlango ulifunguka kwa ndani, hivyo presha ya moto ikausindika. Hilo lawahusu hasa siku ya kusafisha boila iliyozimwa. "Moto hakuna, ingia tu." Usiingie. Boila ya pili kwenye laini hiyohiyo inaweza kukurudishia mvuke kupitia valvu isiyofungwa sawasawa. Ipige valvu hiyo kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako wewe unayeingia, na mtu asimame mlangoni asiende kununua mandazi.

Kuhusu kuandika: weka vipimo. Matone mangapi kwa dakika, mvuke unafika umbali gani, presha ilikuwa ngapi boila ilipowashwa. Kasoro ikijirudia zamu ya pili, nipigie, hata saa tisa usiku. Nitanung'unika, nizoeeni hivyo, lakini nitakuja.

Kitabu kiko juu ya meza karibu na pampu. Kalamu nimeifunga kwa uzi, ni ya nne tangu Krismasi.