Kirusi na Kilatini kwa pamoja?

SWALI: Nimemaliza latin-philo (sekondari ya mkondo wa Kilatini na falsafa) hapa Bukavu. Nataka kusoma Kirusi pamoja na Kilatini na Kigiriki cha kale chuo kikuu. Havitanichanganya? – Msomaji, Kadutu

JIBU: Ndugu msomaji, Kilatini chako ni mtaji mkubwa. Kirusi nacho kina hali sita za nomino (maumbo yanayobadilika kulingana na kazi ya neno katika sentensi) na jinsia tatu. "Kniga" (kitabu) ikiwa yambwa, yaani kitu kinachotendwa, huwa "knigu", kama "rosa" (waridi) ya Kilatini inavyokuwa "rosam". Kazi hiyo umeshaizoea.

Hatari ni kuanza Kirusi na Kigiriki wiki moja. Herufi В ni b kwa Wagiriki wa kale, v kwa Warusi. Н ni e ndefu kule, n huku. Anza na Kirusi: andika herufi zote 33 kwa mkono, za kuunganisha pia, hadi usome bila kusita. Ndipo ufungue Kigiriki.

Kirusi kisome kwa sauti kila siku, hata nusu saa, maana mkazo wake huhama na magazeti hayauwekei alama. Kilatini kitavumilia siku mbili bila kuguswa. Vitenzi vya Kirusi viandike viwiliviwili tangu mwanzo, "pisat" (kuandika, kitendo kikiendelea au kurudiwa) na "napisat" (kuandika hadi kumaliza). Ukikariri kimoja tu, utakwama kwenye wakati uliopita.