Kabla ya Kwenda Kujitolea Kwenye Makao ya Yatima: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kujua mambo matatu: uchanjwe nini, ubebe nini, na utawafaa vipi watoto wa makao ya yatima kwa wiki nne utakazokaa huko kwenye nchi ya joto. Nitaanza na hilo la mwisho, maana jibu lake ndilo litakaloamua kama kuna haja ya hayo mengine.

Watoto wengi wanaoishi kwenye makao ya yatima duniani hawakufiwa na wazazi wote wawili. Wana mama au baba aliye hai, au bibi, au shangazi. Kilichowafikisha pale ni umaskini, ugonjwa wa mzazi, ulemavu wao wenyewe, au ahadi ya kusomeshwa. Ndiyo maana miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao, na azimio la Baraza Kuu la mwaka 2019 likazitaka nchi zishughulikie madhara ya shughuli za kujitolea kwenye makao hayo. Kituo kinachoishi kwa fedha za wageni kinahitaji watoto wa kuwaonyesha wageni, na wakiwa hawatoshi wanatafutwa vijijini. Hapo mgeni mwenye nia njema anageuka kuwa sehemu ya biashara bila kujua.

Kwa hiyo, kabla hujalipia tiketi, kiandikie kituo. Omba nakala ya leseni, kisha uithibitishe kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya huko, si kwa kituo chenyewe. Uliza watoto wangapi wana ndugu walio hai, na mwaka uliopita wangapi walirudishwa kwa familia zao. Uliza mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi mchana, na usiku nani yuko zamu. Omba sera yao ya ulinzi wa mtoto kwa maandishi, pamoja na jina la mtu anayepokea malalamiko. Swali la kurudishwa nyumbani ndilo ninalolitegemea zaidi. Kituo kinachofanya kazi yake sawasawa kina jibu lenye idadi, na kitakueleza pia walioshindikana na kwa nini. Kisicho na jibu kitakuambia watoto wote wana furaha.

Angalia nao wanakuuliza nini. Wanapaswa kukudai cheti cha tabia njema kutoka polisi, wadhamini wawili wanaoweza kupigiwa simu, na maelezo ya ujuzi wako. Wasipokuomba hivyo, wewe usifurahie wepesi. Mlango uliofunguliwa kwako hivyo umefunguliwa kwa kila mtu, hata yule ambaye hafai kukaribia watoto. Ukiona pia kwamba watoto huchezeshwa ngoma kila wageni wanapofika, au wako uani na wageni saa za masomo, achana nacho.

Tuseme kituo kimefaulu. Kazi yako iwe kumsaidia yule anayebaki, yaani mlezi, mpishi, mwalimu au mhasibu. Usiombe kuwekwa kwa watoto wachanga. Mtoto chini ya miaka mitatu hujenga usalama wake kwa mtu mmoja au wawili wanaomrudia kila siku. Akizoeshwa mgeni wa wiki nne, kisha mwingine, kisha mwingine, kwa mwaka anaachwa mara kumi na tatu. Ukimwona mtoto wa miaka minne anamkimbilia mtu asiyemjua na kumng'ang'ania shingoni, usidhani ni ucheshi wake. Mara nyingi ni dalili kwamba hana mtu wake.

Kwa wiki nne unaweza kupanga upya stoo ya dawa, kuwafundisha wafanyakazi wawili kuweka hesabu kwenye kompyuta, kutengeneza vibuyu chirizi karibu na kila choo, au kukaa pembeni ya mwalimu ukiwasaidia wanaosoma kwa shida. Kazi ya ujenzi mwachie fundi wa pale, anaijua na anaihitaji. Kazi ya tiba usiiguse kama huna leseni yake. Usichoruhusiwa kukifanya kwa watoto wa nchi yako, huko nako hukiruhusiwi.

Kuna mipaka ya kujiwekea tangu siku ya kwanza. Usikae na mtoto peke yako chumbani. Kuwe na mtu mzima mwingine anayewaona. Kuogesha na kupeleka chooni ni kazi ya mlezi. Usimtoe mtoto nje ya kituo, hata kwa matembezi mafupi. Usiulize wazazi wake walikufaje. Zawadi usimpe mmoja mmoja. Mkabidhi msimamizi agawe kwa utaratibu wake. Picha zenye sura za watoto usizipige, na usiseme mtandaoni kituo kiko wapi. Zaidi ya yote, usiahidi kurudi.

Ukishuku kwamba mtoto anaumizwa, usimhoji. Akikueleza mwenyewe, msikilize, usimwahidi kuficha siri, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa. Peleka taarifa kwa mhusika aliyetajwa kwenye sera. Kama mhusika ndiye anayeshukiwa, nenda ustawi wa jamii au polisi. Nchi kadhaa za Afrika hutumia namba 116 kwa simu za watoto. Utakakokwenda, uliza yao ni ipi kabla hujasafiri, kwa sababu siku utakapoihitaji hutakuwa na utulivu wa kuitafuta.

Sasa chanjo. Nenda kliniki ya wasafiri wiki sita hadi nane kabla ya safari, na ukiweza nenda mapema zaidi, maana chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Ukichelewa kuna ratiba ya haraka ya siku 0, 7 na 21, na dozi ya nne baada ya mwaka. Homa ya ini A, dozi moja inatosha kusafiria. Ya pili utaipata miezi sita hadi kumi na miwili baadaye. Sindano ya homa ya matumbo ichomwe angalau wiki mbili kabla ya kuondoka. Pepopunda iwe ndani ya miaka kumi. Surua hakikisha una dozi mbili, na hii si kwa ajili yako tu: virusi vikiingia kwenye bweni la watoto waliolala kitanda kwa kitanda, wale wenye utapiamlo ndio wanaokufa.

Homa ya manjano ina mambo yake. Cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo ukichomwa siku sita kabla ya safari unaweza kuzuiwa mpakani ukiwa umechanjwa kweli. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Angalia pia nchi utakayopitia kubadilisha ndege, kwani huenda inakidai hata kama unakokwenda hawakidai. Chanjo hii na ile ya surua zote zina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mwambie muuguzi kama unahitaji zote mbili ili azipishe kwa angalau wiki nne. Wengi hukwama hapo kwa kwenda kliniki mwishoni.

Kichaa cha mbwa watu hukipuuza. Kinga ya kabla ni dozi mbili, siku ya 0 na ya 7. Haikuondolei haja ya hospitali ukiumwa na mbwa au popo, lakini inakuondolea haja ya immunoglobulini, yaani sindano ya kingamwili zilizokwisha tengenezwa, ambayo sehemu nyingi za mbali haipatikani. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili ukitazama saa, ndipo uende hospitali siku hiyo hiyo. Pima na kifua kikuu kabla ya kuondoka, ili baadaye ijulikane kama uliambukizwa huko.

Malaria haina chanjo ya kukutegemeza wewe msafiri mtu mzima, kwa hiyo ni dawa na chandarua. Atovakwoni-proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla, kila siku ukiwa huko, na siku saba baada ya kurudi. Doksisaiklini huanzwa vivyo hivyo lakini huendelea wiki nne baada ya kurudi, na hufanya ngozi iungue jua upesi. Meflokwini ni mara moja kwa wiki, ianze wiki mbili au tatu kabla. Aliyewahi kuwa na sonona au kifafa asipewe. Kosa la kawaida ni kuacha dawa siku ya kutua nyumbani, wakati vimelea bado vimo kwenye ini. Na hata aliyekulia penye malaria, akikaa mbali kwa miaka, kinga yake hushuka, asijitie ushujaa.

Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, lakini wa dengi, homa nyingine iletwayo na mbu, huuma mchana, ndiyo sababu chandarua peke yake hakitoshi. Paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 50, na kama unapaka mafuta ya kukinga jua, yatangulie hayo, dawa ya mbu ije juu. Ukipata homa, pima malaria siku hiyo hiyo. Mpaka dengi iondolewe shaka, tumia parasetamoli tu. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu mahali palipo juu ya mita 2,000. Vidonge vya klorini huhitaji nusu saa, na kwenye maji machafu havifanyi kazi vizuri, kwa hiyo chuja kwanza. Beba pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini ukiharisha. Zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kurundika. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Wewe mwenyewe ukiharisha, kaa mbali na jiko na watoto mpaka zipite saa 48 tangu choo cha mwisho cha maji. Kwenye mito na maziwa usioge, kichocho hakionekani majini. Chawa, upele na mashilingi (mapunye) ni mambo ya kawaida kwenye mabweni. Kwa upele, anayetibiwa ni bweni zima kwa wakati mmoja pamoja na mashuka, la sivyo ugonjwa unazunguka tu.

Mzigo wako uwe mdogo. Nguo nyepesi za mikono mirefu na suruali pana, viatu vilivyofunika vidole, tochi ya kichwani, chandarua chenye dawa, sabuni. Dawa zako zibaki kwenye pakiti zake na barua ya daktari, ndani ya begi la mkononi. Baadhi ya dawa za maumivu, hasa zenye kodeini, zimekatazwa katika nchi fulani, uliza ubalozi. Zawadi za kituo usizikisie, uliza wanahitaji nini, na ukiweza vinunue huko huko. Usipeleke maziwa ya unga ya watoto wachanga kwa uamuzi wako, kwani yakikorogwa na maji yasiyo salama yanaua. Dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kwisha muda wake; zilizobaki kabatini kwako hazimfai mtu.

Hati: pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa tupu. Viza ya utalii katika nchi nyingi hairuhusu hata kazi isiyolipwa, na anayesema "waambie unatembea tu" si yeye atakayerudishwa uwanja wa ndege. Bima iwe imeandika waziwazi kwamba inagharamia kusafirishwa kwa dharura na kwamba kujitolea hakukuondoi kwenye kinga. Soma sehemu ya visivyolipiwa kwanza, ndipo usome sifa zake.

Ukirudi, maliza dawa ya malaria. Homa yoyote ndani ya mwaka mmoja, hasa miezi mitatu ya mwanzo, mwambie daktari ulikuwa wapi kabla hajakuuliza. Rudia kipimo cha kifua kikuu wiki nane hadi kumi baada ya kurudi. Ukipima mapema zaidi kinaweza kuonyesha huna hali ulishaambukizwa. Na watoto wakikutafuta mtandaoni, usianze mazungumzo nao mmoja mmoja. Salamu zipitie ofisi ya kituo.

Nitumie nakala ya kadi yako ya chanjo wiki hii. Nataka kuona tarehe ya surua kwanza.

Mama yako