Wasomaji Wanauliza: Mtaa mmoja, kaya 60

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa, yaani tawi la usharika, wenye kaya 60. Posho inakuja kwa kusuasua, shamba limeota magugu, nyumbani wananiona usiku tu. Mzee wa kanisa ananiambia ndio msalaba wenyewe. Je, nikiuza mbuzi mnadani siku za juma nitakuwa nimekosa imani?

JIBU: Asifiwe sana. Hapana. Korintho, Paulo alishona hema na Akila na Prisila (Matendo 18:3), na upungufu wake ukaja kuzibwa na ndugu kutoka Makedonia (2 Wakorintho 11:9). Uza mbuzi, lakini siku moja inayojulikana, ili kukiwa na msiba watu wajue pa kukupata. Na usiwakopeshe waumini: mwenye deni lako ataanza kukosa ibada kabla hajaanza kulipa.

Kuhusu msalaba, mzee amechanganya mambo. Posho iliyosahauliwa na mtunza hazina si msalaba. Liandikie baraza la wazee, utaje miezi unayodai. Wakati unasubiri, usijilipe kutoka kapuni hata shilingi. Sadaka ihesabiwe palepale baada ya ibada na watu wasiopungua wawili, iandikwe daftarini, watie saini, ifike usharikani siku hiyohiyo. Sadaka ya mazao inayonadiwa kanisani, andika kitu, bei, mnunuzi, na kama amelipa. Hao wa "nitaleta kesho" ndio huvuruga hesabu, halafu anayenong'onwa ni mwinjilisti.

Uchovu wako, hata hivyo, unatoka kwenye zile kaya 60. Yethro, mkwewe, alimwambia Musa waziwazi kwamba alifanyalo si jema (Kutoka 18:17). Wagawie wazee watano, kila mmoja kaya 12. Wewe tembelea nne kwa juma, mbili Jumanne na mbili Alhamisi, kuanzia saa kumi jioni, nusu saa kila nyumba. Majuma 15 utakuwa umezimaliza. Tangulia kwa wagonjwa, wajane na waliokosekana Jumapili tatu mfululizo. Wengi huishia kurudi kwenye nyumba zenye chai nzuri, bila hata kukusudia. Juma la misiba ratiba itavurugika. Isogeze mbele, usijaribu kufidia kwa nyumba nane.

Marko 10:30 inaahidi nyumba na ndugu mara mia sasa hivi, "pamoja na udhia". Utaiona siku utakapougua, majirani wakaingia na majembe kupalilia shamba lako.

SWALI: Vijana wakishabarikiwa kipaimara hawaonekani tena. Tufanyeje?

JIBU: Darasa linawafundisha kujibu maswali ya mtihani, na mtihani ukipita wanaona wamemaliza. Chukua watatu au wanne tu. Someni Injili ya Marko, sura moja kwa juma, zote 16, kwa saa moja isiyozidi. Kuanzia juma la tatu waongoze wao kwa zamu. Mwalimu akishika usukani hadi mwisho, huzaa wasikilizaji. Kila mmoja awe na kazi: kusoma somo ibadani, kumchotea maji bibi anayeishi peke yake. Mmoja ataacha njiani. Mpelekee salamu, mahubiri yaache. Katika 2 Timotheo 2:2 kuna vizazi vinne vya kupokezana mafundisho: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Kwa hiyo sura ya 16 ikiisha usianze kundi jipya wewe. Waachie hao waliobaki waanze lao.