Maswali ya Wasomaji: Laptopu Haijafa, Imekataliwa Tu

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: mashine yangu inafanya kazi, mbona naambiwa imekwisha? Mwezi huu nimezipa nafasi barua hizo. Mimi ni mtu wa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta mahali pa Windows, tangu mwaka 2006, niliposimama posta ya Morogoro na kufungua bahasha yenye CD ya Ubuntu 6.06, mojawapo ya matoleo ya Linux, niliyoiagiza bila kulipa hata senti. Nilikuwa fundi wa redio na televisheni wakati huo. CD ile ndiyo iliyonihamishia kwenye kompyuta.

*Shikamoo fundi. Shule yetu ina kompyuta 11, zote Core i5 za mwaka 2014 zenye RAM ya GB 4. Muuzaji mmoja ametuambia hazipokei Windows 11, kwa hiyo tuziuze kama chuma chakavu tununue mpya. Tunazitumia kuchapa mitihani, kupanga matokeo na kuwafundishia wanafunzi. Fedha hatuna. Tufanyeje? (Mwalimu wa sekondari, Songea)*

Marahaba, mwalimu. Msiuze hata moja. Kuhusu Windows 11 muuzaji amesema kweli: inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi vichakato vya kizazi cha 8 na kuendelea, vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Vyenu ni vya kizazi cha 4. Ila neno "chuma chakavu" ni lake mwenyewe. Mashine iliyowaka jana na kuchapa mtihani haijageuka chakavu kwa sababu tarehe imepita.

Wekeni Linux Mint, toleo jingine la Linux, na mchague aina yake nyepesi iitwayo Xfce. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na masasisho yake ya usalama yataendelea hadi 2029. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, na mwalimu aliyezoea Windows haulizi mambo mengi. GB 4 zinatosha kwa kuchapa. Kinachomaliza RAM ni kivinjari, hasa mtu akifungua kurasa 20 kwa pamoja. Mkipata fedha kidogo, anzeni na SSD ya GB 240 badala ya diski ya zamani inayozunguka. Nimebadilisha diski hizo kwenye mashine nyingi na sijamwona aliyejuta.

Faili la ISO, yaani faili moja lenye Mint nzima ya kusakinisha, mtalipakua mara moja tu. Ni karibu GB 3, kwa hiyo subirini bando la usiku. Liandikeni kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, na flashi hiyo moja itahudumia kompyuta zote 11. Mnapowasha mashine, bonyezeni F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP, kisha mchague flashi. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hapo ndipo pa kutulia. Jaribuni Wi-Fi, sauti, projekta, na mchape ukurasa mmoja kwenye printa ya ofisi. Kila kitu kikikubali, hamisheni mafaili yote kwenye diski ya nje, ndipo msakinishe.

Sasa mitihani. Walimu wengi hukata tamaa siku ya kwanza papo hapo, kwa hiyo nataka uijue sababu mapema. Unafungua kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, mtihani uliochapwa kwa Word, unakuta swali la 7 limerukia ukurasa wa pili na mistari ya kujibia imetawanyika. Mara nyingi kosa ni la fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, haziji na Linux, hivyo kompyuta inachukua fonti nyingine yenye upana tofauti na kila mstari unakatika pengine. Dawa yake ni fonti mbili za bure, Carlito kwa Calibri na Caladea kwa Cambria, ambazo herufi zake zilichongwa kwa upana uleule. Mtazipata kwenye kisakinishi cha programu cha Mint. Times New Roman na Arial zina wenzao walio tayari ndani, wanaoitwa Liberation. Baada ya hapo karatasi nyingi hutulia. Zile zenye michoro iliyoelea juu ya maandishi bado zinaweza kusogea, na hizo zirekebisheni kwa mkono kisha mzihifadhi kama PDF kabla ya kuzipeleka kuchapwa.

Matokeo: Calc, sehemu ya LibreOffice inayoshika nafasi ya Excel, inasoma kanuni za Excel za jumla, wastani na nafasi ya mwanafunzi bila shida. Makro, zile amri ndogo zinazoandikwa ndani ya faili la Excel, ni habari nyingine: baadhi hukubali na baadhi hukataa kabisa. Kama kitabu chenu cha matokeo kina makro, bakizeni kompyuta moja na Windows 10, muitoe kwenye intaneti, na 10 zihamie Linux. Shule inayofanya hivyo haijashindwa kitu.

*Kaka fundi, nina duka la steshenari. Wateja wanaleta flashi, nikizifungua nakuta folda zote zimegeuka shortcut, na mafaili yao hayaonekani. Wananilaumu mimi. Naskani kila siku na virusi hawaishi. Linux itanisaidia? (Mama wa steshenari, Tanga)*

Sana, dada yangu. Kirusi hicho hakifuti kitu. Huyapa mafaili ya mteja alama ya kufichwa, mara nyingine huyasukumiza ndani ya folda isiyo na jina, kisha huweka njia za mkato, ndizo hizo shortcut, zenye majina yaleyale. Mteja akibonyeza, anakiamsha kirusi chenyewe. Linux haiendeshi njia za mkato za Windows, na alama ile ya kuficha haiijali, kwa hiyo ukichomeka flashi utaona vyote: mafaili halisi, njia za mkato za uongo, na faili geni lililoleta balaa. Nakili mafaili halisi, fomati flashi, mrudishie mteja vitu vyake. Nimeona mwanachuo aliyekuja karakana akilia tasnifu yake imepotea akatoka nayo baada ya dakika tano.

Mwambie mteja kuwa kompyuta ya nyumbani kwake bado ina ugonjwa, la sivyo kesho atarudi na flashi ileile.

Kabla ya kuhamisha duka zima, angalia printa. Nyingi za HP zinahudumiwa vizuri na programu inayoitwa HPLIP, na printa mpya za mtandao kwa kawaida hukubali bila kuwekewa kitu. Tatizo ni baadhi ya leza ndogo za bei nafuu zinazozungumza lugha ya mtengenezaji wake tu. Ukienda kununua printa nyingine, nenda na laptopu na flashi yako ya Mint, uombe kuchapa ukurasa mmoja dukani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, mwache na printa yake.

*Mzee, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Eldoret. Natumia Ubuntu, lakini wenzangu wananicheka kwamba anayejua kompyuta hutumia Arch. Kila wiki najaribu distro (toleo la Linux) mpya. Ipi ndiyo bora? (Mwanafunzi, Eldoret)*

Kijana wangu, Arch, toleo la Linux ambalo mtumiaji hulijenga mwenyewe kipande kwa kipande, ni kazi nzuri, na maelezo yake ya mtandaoni ni hazina. Nayasoma hata ninapotengeneza Debian, toleo jingine kabisa. Lakini wewe umeuliza bora, na kwangu neno hilo lina maana moja niliyoipata kwa uchungu.

Mwaka 2010 nilimwekea Linux karani mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa akichapa barua za ofisi nzima. Eneokazi, yaani sura ya skrini na menyu zake, lilikuwa GNOME 2: menyu tatu juu kushoto, orodha ya madirisha chini. Hakujua jina la kitu chochote. Mkono wake ndio uliojua. Alikuwa anafika kwenye faili analotaka huku anaongea na mgeni. Aprili 2011 ikatoka GNOME 3, iliyoondoa mpangilio ule wote. Mimi nilikuwa na njaa ya vitu vipya kama wewe leo. Ijumaa jioni nikasasisha mashine yake bila kumuuliza. Jumatatu alikuja karakana kwa miguu, amefunika mdomo kwa mtandio, akiamini ameharibu kompyuta ya ofisi na atakatwa mshahara. Nilimwomba radhi, na jioni hiyo nikamrudishia toleo la zamani.

Tangu siku hiyo, eneokazi bora kwangu ni lile linaloheshimu kile mkono wa mtu umejifunza. Anayetaka kuhamisha menyu ahamishe, lakini awe na sababu inayozidi usumbufu wa watu wote waliokwisha kuizoea.

Sikiliza kilichofuata. Mwaka uleule, mtu mmoja wa Argentina alichukua msimbo wa GNOME 2 na kuuendeleza kwa jina la MATE, kinywaji cha majani kinachonywewa kwao. Hakuomba ruhusa kwa yeyote, kwa sababu leseni ya GPL, iliyotokana na kazi ya Richard Stallman na mradi wa programu huria wa GNU aliouanzisha 1983, inampa kila mtu haki hiyo. Mtu huyo alikuwa mtumiaji wa Arch, waambie wenzako. Wale waliojitenga na OpenOffice.org Septemba 2010 wakazaa LibreOffice walitumia haki ya namna ileile, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun, iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice.org. MATE ilipokomaa nilimwekea yule mama, na aliitumia mpaka alipostaafu.

Kwa hiyo weka Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, au baki na Ubuntu yako, kwenye mashine unayofanyia kazi za chuo, na usiiguse mpaka mwisho wa muhula. Hamu ya kujaribu usiiue. Sakinisha VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, na humo ndani jaribu Arch, vunja, jenga tena. Ila mtu anayehama kila wiki hujifunza kusakinisha tu. Kaa na mfumo mmoja miaka miwili, usome faili za kumbukumbu zake mfumo huo unapogoma, uandike taarifa ya kosa moja kwa wanaoutengeneza. Hapo hakuna atakayekucheka, na akikucheka hutasikia.

*AutoCAD itafanya kazi kwenye Linux? (Mchora ramani, Mwanza)*

Hapana, ndugu yangu. Hakuna AutoCAD ya Linux, na ujanja wa kuilazimisha utakupotezea siku. LibreCAD inachora ramani za pande mbili, na FreeCAD ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024 baada ya miaka mingi ya kazi, naipenda. Lakini kama wateja wako wanadai faili la DWG, lile la AutoCAD, kila wiki, mkate wako uko Windows. Baki huko kwa amani.

*Assalaam aleikum. Mama yangu mzazi hajui Kiingereza, naye ameniomba kompyuta. Kuna Linux ya Kiswahili? (Msomaji, Muscat)*

Waaleikum salaam. Ipo kwa vipande, nami nitakwambia ukweli wake kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Nilipoiona mara ya kwanza, nilikaa nikafungua menyu moja baada ya nyingine bila kuchapa kitu, nikisoma tu. Kompyuta ilikuwa inasema lugha ya mama yangu.

Programu hukua kila mwaka, na tafsiri isiyoongezwa inabaki nyuma. Leo ukichagua Kiswahili kwenye eneokazi utakuta "Hifadhi" na mstari wa chini yake Kiingereza. Kwa mama, fanya hivi: weka Mint, bakiza kwenye eneokazi vitu vinne tu anavyovihitaji, ubadilishe majina ya vitufe vyake kwa maneno yake mwenyewe, "Picha za Wajukuu" badala ya jina la programu. Linux inakuruhusu. Panua herufi, na vitufe hivyo usivihamishe tena kutoka mahali ulipoviweka.

Kama una saa moja kwa wiki, jiunge na watafsiri. Hawahitaji uprogramu. Wanahitaji watu wanaojua tofauti ya "futa" na "ondoa", na msomaji wa Muscat aliyelelewa kwa Kiswahili anaijua.

Kitu kimoja kipo tayari nacho ni kizuri: LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, utaiona kwenye orodha ya lugha. Naitumia kwa safu hii. Sasa hivi, kwenye jibu la dada wa Tanga, imepigia neno "flashi" mstari mwekundu. Nimebonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuliongeza kwenye kamusi yangu.